Moto Uliojua Kufua: Kutoka Majembe ya Barongo hadi Nikeli ya Bugarama

Ndugu msomaji, kama unaishi Dar es Salaam bila shaka umewahi kupita Gerezani, pale ambapo mazungumzo hayasikiki kwa kelele za nyundo. Pale utamkuta fundi amekaa kwenye kigoda, kipande cha bati kiko miguuni, na pembeni yake jiko la makaa linapulizwa na feni ndogo. Fundi yule hana kipimajoto. Anatazama rangi. Chuma kikiwa chekundu cha giza anakiacha. Kikifika rangi ya chungwa lililoiva anakitoa haraka, anakipiga mara tano au sita, kisha anakirudisha motoni. Ukimwuliza nani alimfundisha, atakujibu kwamba alijifunza kwa kuangalia.

Wiki hii nataka tumfuate fundi huyo nyuma, mbali sana, hadi mahali ambapo msomaji wa mjini halazimiki kwenda mara kwa mara. Nataka tufike Bugarama. Nasema mapema kwamba si Bugarama ile ya Msalala, karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, wala si zile za Rwanda na Burundi zenye jina hilo hilo. Ninayoizungumzia ni kata ya Bugarama katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kule vilima vinapoinamia mpaka wa Burundi. Jirani zake upande wa mashariki ni watu wa Biharamulo. Chini ya vilima hivyo imelala nikeli ambayo dunia nzima inaiita nikeli ya Kabanga.

Habari za nikeli hiyo zimeandikwa sana. Lakini zinavyosimuliwa, mtu anaweza kudhani kwamba watu wa eneo lile hawakujua jiwe lina nini ndani yake mpaka alipofika mgeni na mashine ya kutoboa ardhi. Hapo ndipo ninapotaka kubishana kidogo. Watu wa nchi ile walijua mawe, walijua moto, na walijua kuliko wengi wetu wa leo jinsi moto mkali unavyoweza kuligeuza jiwe kuwa bamba jembamba la chuma.

Kwanza tuelewane kuhusu moto wenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpitisho, kama mpini wa kijiko unavyopata moto kutoka kwenye uji. Ya pili ni msafara, kama maji yanavyopanda na kushuka ndani ya sufuria. Ya tatu ni mnururisho, nayo ndiyo inayotuhusu leo. Ukikaa mbele ya tanuri la makaa, uso wako unaungua ijapokuwa hewa iliyo kati yenu haijawa moto. Jua nalo linatufikia kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1879 mtaalamu wa fizikia wa Vienna, Jožef Stefan, aligundua kanuni ya jambo hili. Ukipima joto kuanzia sifuri halisi, yaani digrii 273 chini ya sifuri yetu ya kawaida, kisha ukaliongeza mara mbili, mnururisho hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara kumi na sita. Kwa hiyo chuma cha digrii 1,200 kinatupa joto kama mara nane ya chuma cha digrii 600. Ndiyo maana mhunzi akifungua mdomo wa tanuri anageuza uso.

Sasa tazama taabu ya bamba jembamba. Pande la chuma nene likitoka motoni linabaki na joto lake kwa muda, kwa sababu tumbo lake ni kubwa. Bamba jembamba halina akiba. Ukipunguza unene kwa nusu, joto lililohifadhiwa ndani linapungua kwa nusu, lakini ngozi inayolipoteza ni ile ile. Linapoa mara mbili upesi. Hivyo kadiri jembe linavyokaribia kuwa jembe, ndivyo fundi anavyobaki na muda mfupi wa kulipiga. Akichelewa, nyundo inapasua ukingo. Akiliacha motoni kupita kiasi, rangi inavuka njano na kuwa nyeupe, cheche zinaruka, na chuma chenyewe kinaanza kuungua. Kazi yote iko katikati ya makosa hayo mawili, na jicho ndilo linaloamua.

Turudi Kagera. Karibu na Bukoba kuna mahali panapoitwa Katuruka. Wazee wa Kihaya walikuwa wakisimulia kwamba hapo ndipo mfalme Rugomora Mahe alipowaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, Mmarekani, aliwasikiliza wazee hao, kisha akachimba pale walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zamani mno, pamoja na vigae vya vyungu vya aina ya Urewe. Baadhi ya makaa yaliyopimwa yalitoa tarehe za karne kadhaa kabla ya Kristo. Wapo wataalamu wanaosema makaa hayo yanaweza kuwa yametoka kwenye miti mizee, na kwamba tarehe hizo zipokewe kwa uangalifu. Lakini hakuna anayepinga kwamba chuma kiliyeyushwa katika nchi za magharibi ya Ziwa Victoria zamani sana, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita.

Mwaka 1976 Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma katika ujana wao wajenge tanuri tena. Wazee walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu. Walilijaza manyasi ya kinamasi yaliyochomwa yakabaki masizi. Juu yake walijenga tanuri mfano wa chungu kirefu, kwa udongo na kwa mabonge ya mavi ya chuma cha zamani. Mabomba ya udongo yalichomekwa kuzunguka, na kila bomba likawa na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Mawe ya chuma yalikaangwa kwanza motoni, kisha yakamwagwa kwa zamu pamoja na makaa ya miti migumu. Vijana wakavukuta kwa saa nyingi huku wakiimba.

Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, walichapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1978. Walidai kwamba tanuri lilipita digrii 1,800. Walisema sababu ni kwamba mabomba ya udongo yaliingia ndani sana ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kukutana na makaa. Ulaya ilianza kutumia hewa iliyopashwa moto baada ya James Beaumont Neilson wa Scotland kupata hataza yake mwaka 1828. Unaweza kufikiri jinsi habari hiyo ilivyopokewa! Magazeti ya nje yaliandika kwamba Mwafrika alitangulia kwa karne nyingi.

Hapa naomba tuwe waungwana. Wataalamu wengine, akiwamo J. E. Rehder wa Kanada, walipiga hesabu na kusema kwamba bomba la udongo haliwezi kupasha hewa kiasi hicho, na kwamba joto lile kali lingeweza kupatikana kwa kuvukuta hewa ya kawaida tu kwenye makaa mazuri. Ubishi huo haujaisha. Mimi naona heshima ya wazee wale haitegemei nani atashinda. Walichokifanya kiko wazi: waliweka udongo, nyasi, makaa na jiwe, wakatoa chuma kizuri. Hawana haja ya kupambwa kwa sifa yenye shaka. Sifa ya kweli inawatosha.

Na tusije tukadhani ufundi huu ulikuwa wa Wahaya peke yao. Ukishuka kusini kuelekea Biharamulo na Geita, katika nchi ya Buzinza, unawakuta Barongo. Watu wengi huwahesabu Barongo kama kabila. Uchunguzi uliofanywa baadaye, akiwamo tena Schmidt, umeonyesha jambo la kupendeza: Barongo walikuwa chama cha kazi. Mtu wa kabila lolote aliyekubali masharti aliweza kuingia, akajifunza, akawa Murongo. Walihama wakifuata mawe ya chuma na miti ya makaa. Walipiga kambi porini, wakajenga tanuri, wakayeyusha, wakaondoka.

Masharti yenyewe yalikuwa mazito. Wakati wa kuyeyusha, wanaume hawakulala na wake zao. Dawa zilifukiwa katika kijishimo chini ya tanuri. Tanuri lenyewe lilifananishwa na mwanamke mwenye mimba, na chuma kilikuwa mtoto. Msomaji wa mjini atacheka na kusema huo ni ushirikina. Asicheke haraka. Tanuri lililoharibika lilimaanisha miti iliyokatwa bure, mkaa uliochomwa bure, na nguvu za watu wengi zimepotea. Masharti yaliwaweka watu kambini, yakawafanya waamke na kulala na kazi moja. Kiwanda cha leo hupata utii wa namna hiyo kwa saa ya ukutani na kukata mshahara.

Kilichotoka tanurini hakikuwa jembe. Kilikuwa bonge lenye matundu kama sponji, limechanganyika na mavi ya chuma. Katika tanuri za namna hii chuma chenyewe kwa kawaida hakifikii kuyeyuka kama maji, kwa kuwa kinahitaji digrii 1,538. Kinachoyeyuka, kwenye digrii kama 1,200, ni uchafu wake. Ndipo mhunzi aliposhika kazi. Alilipasha bonge, akalipiga juu ya fuawe ya jiwe ili uchafu utoke, akalipasha tena, akalipiga tena. Polepole bonge likawa kipande, kipande kikawa bamba, bamba likapanuka mfano wa moyo, na nyuma yake kikabaki kikono cha kuchomeka kwenye mpini. Safari za motoni zilikuwa nyingi, na za mwisho ndizo fupi na ngumu kuliko zote, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Majembe hayo yalikuwa mali. Yalilima, na zaidi ya hapo yalioa. Sehemu kubwa ya nchi za maziwa na Unyamwezi mahari yalilipwa kwa majembe, faini zililipwa kwa majembe, na ushuru wa njia vilevile. Majembe ya Buzinza na Usumbwa yalibebwa mabegani hadi Usukuma na Unyamwezi kwa maelfu. Mzungu John Hanning Speke alipopita Uzinza na Usui mwaka 1861 akielekea Karagwe, hakuingia katika nchi iliyolala. Aliingia katika nchi yenye masoko, na watawala waliojua kumtoza hongo mpaka akalalamika.

Hata wafalme walijipamba kwa sifa ya uhunzi. Huko Karagwe, Rumanyika aliyewapokea Speke na Grant mwaka huo huo alikuwa na hazina ya vitu vya chuma, vikiwamo sanamu za ng'ombe na nyundo za kifalme. Ng'ambo ya mpaka, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipofukuliwa mwaka 1969, nyundo za chuma zilikutwa pamoja naye. Mfalme aliyezikwa na nyundo alitaka watu wake wakumbuke kitu gani? Nadhani alitaka wakumbuke kwamba utawala nao hufuliwa, na kwamba anayeshika moto ndiye anayeshika nchi.

Basi moto huo ulizimwaje? Haukuzimwa kwa amri ya siku moja. Meli na reli zilileta majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, ya bei nafuu, yote ya ukubwa mmoja. Serikali za wakoloni zilidai kodi kwa fedha, na jembe likaacha kuwa fedha. Vijana waliondoka kwenda kutafuta vibarua mbali na kwao. Mhunzi hakuacha kufua, lakini aliacha kuyeyusha. Alianza kuokota vyuma chakavu, kwa kuwa chuma kilichokwisha kuyeyushwa na mwingine hakihitaji kambi porini wala masharti. Ndivyo elimu ya nusu ya kazi ilivyopotea, nayo ilikuwa nusu ngumu.

Baada ya Uhuru tulijaribu kuurudisha moto kwa njia nyingine. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, tulichokiita UFI, kilijengwa kwa msaada wa Wachina, na baadaye tukawa na Zana za Kilimo Mbeya. Jembe likawa la Tanzania tena. Kwa upande wa mabati, kampuni ya ALAF ilikwisha kuanza Dar es Salaam mwaka 1960. Viwanda vya mabati duniani hufanya kitu ambacho Murongo angekitambua mara moja. Utepe mwembamba wa chuma uliosagwa kwa magurudumu hutoka mgumu na mkavu, tayari kuvunjika. Hupitishwa ndani ya tanuri ambamo mabomba au kuta zenye moto mkali huumulika kwa mnururisho pande zote mbili, ukalainika bila kuguswa na ndimi za moto. Wahunzi wetu huita kazi hiyo kutoa matiko. Kisha utepe unazamishwa katika zinki iliyoyeyuka, yenye digrii kama 450, na ndilo bati linalokukinga na mvua usiku huu.

UFI haikudumu. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliikuta imechoka, na majembe ya kutoka nje yakajaa tena madukani, kama vile historia imekuja kudai deni lake mara ya pili.

Hapo ndipo tunapofika Bugarama. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, miaka ile ile wazee wa Bukoba walipokuwa wakiwasha tanuri lao la mwisho, wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakipima madini katika mkoa huo huo wa Kagera, nao wakaigundua nikeli ya Kabanga. Katika kila tani mia moja za mwamba ule kuna kama tani mbili za nikeli, kiwango ambacho ni cha juu kati ya amana za dunia zisizochimbwa bado. Kisha zikafuata kampuni, moja baada ya nyingine: Sutton ya Kanada katika miaka ya 1990, Barrick iliyoinunua Sutton mwaka 1999, na baadaye Xstrata na Glencore. Walitoboa, wakapima, wakasubiri bei. Mwaka 2018 Serikali ilifuta leseni za kuhodhi maeneo. Januari 2021 ukatiwa saini mkataba mpya uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. BHP ya Australia iliingia kama mbia mwaka 2022, na mwaka 2025 ikajitoa.

Mkataba wa 2021 ulisema kwamba madini yasafishwe nchini, huko Kahama, mahali ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Njia iliyochaguliwa si ya tanuri. Ni ya maji na kemikali chini ya shinikizo, bila kuyeyusha mwamba kwa moto. Wahusika wanasema njia hiyo hutumia nishati kidogo na haitoi moshi wa salfa kama matanuri ya kizamani. Hoja hiyo ina uzito, na mtu aliyewahi kuona vilima vilivyokatwa miti ya mkaa hawezi kuipuuza.

Lakini nikeli hiyo ikishasafishwa itakwenda wapi? Sehemu itaingia kwenye betri. Duniani, sehemu kubwa ya nikeli huingia kwenye chuma kisichoshika kutu. Leo jioni, ndugu msomaji, geuza kijiko chako nyumbani. Huenda ukakuta kimepigwa chapa ya 18 na 8. Maana yake ni kromiamu sehemu 18 na nikeli sehemu 8 katika kila mia. Bamba la kijiko hicho, na la sufuria, na la sinki la hospitali, lilisagwa likawa jembamba, kisha likapitishwa kwenye tanuri la digrii zaidi ya 1,000 ili lilainike. Tukio ni lile lile la mhunzi wa Biharamulo. Tofauti ni kwamba tanuri hilo liko nchi nyingine, na jicho linalosoma rangi ni la mtu mwingine.

Hilo ndilo swali langu la wiki hii, wala si swali la kulalamika. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Mimi nasema kule Ngara na Biharamulo miti ilikuwako na wajenzi walikuwako. Sisi ndio tuliowaacha wakafa na elimu yao, halafu tukaja kuliita eneo lile nchi isiyo na ujuzi. Mrahaba ni jambo jema na hisa asilimia 16 ni jambo jema. Lakini Barongo wanatufundisha jambo la tatu: kwamba ujuzi wa metali ulikuwa mlango ulio wazi. Aliyetoka kabila lolote, akakubali masharti, alifundishwa mpaka akawa Murongo.

Basi kijana wa Bugarama anayetazama lori likipita mbele ya shule yake afunguliwe mlango huo. Asiishie kulinda geti na kufyeka nyasi. Afundishwe kemia ya maji yale ya Kahama, afundishwe pia moto wa tanuri, mpaka siku moja asimame mbele ya bamba jembamba linalowaka, alitazame rangi yake, na aseme mwenyewe kwamba limeiva.

Hadi wiki ijayo, ndugu msomaji, nakuacha na kijiko chako mkononi. Kitazame vizuri kabla hujakoroga chai.